Kung'arisha gari kuukuu bila kulichubua

Gari la msikiti wetu hapa Wesha limebeba wengi: watoto wa madrasa, wazee waendao hospitali Chake Chake, na majeneza ya jamaa zetu. Miaka ilipopita boneti yake ilipauka ikawa kama iliyopakwa chokaa. Katika kikao cha kamati wapo waliopendekeza lipakwe rangi upya, lakini fedha iliyokuwamo mfukoni ilichangwa kwa ajili ya paa la madrasa, na amana haihamishwi. Basi tukajitolea kulisugua wenyewe. Tulitumia dawa kali na nguvu nyingi, na kabla ya adhuhuri ukingo wa boneti ulikwisha kutoa praima ya kijivu. Nia ilikuwa njema, ujuzi haukuwapo.

Tusilolijua ni kwamba kung'arisha ni kupunguza, si kuongeza. Rangi ya kiwandani, pamoja na praima iliyo chini na vanishi iliyo juu, kwa kawaida haifiki hata robo ya milimita. Kila msuguo hula sehemu ya unene huo, wala haurudi. Kwenye kingo na mikunjo ya bodi rangi ni nyembamba zaidi, na huko ndiko huanza kuisha.

Kwetu sisi wa pwani maadui ni wawili. Jua huidhoofisha rangi hadi uso wake ukawa ungaunga. Chumvi ya bahari nayo hupenya kwenye mikwaruzo, ikafika kwenye bati na kuzaa kutu.

Anayetaka kulihudumia gari lake na aanze kwa kuliosha kivulini, kwa maji yasiyo ya chumvi na shampuu ya gari. Sabuni ya unga na stili waya ziachiwe masufuria. Likishakauka, ajaribu polishi laini kwa kitambaa cheupe mahali padogo pasipoonekana. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, ajue hakuna vanishi juu yake, na kinachotoka ni rangi yenyewe. Basi aende polepole. Vanishi ikiwa imebanduka magamba, hakuna polishi itakayoirudisha: hiyo ni kazi ya fundi wa rangi. Kingo azifunike kwa tepu ya karatasi. Polishi laini ikitosha, asitafute kali. Mwisho apake nta, ambayo hukinga bila kuchubua, na airudie kila baada ya miezi michache, hasa kabla ya masika.

Kutu haing'arishwi. Hukwanguliwa hadi bati safi, ikapakwa praima, kisha rangi.

Neno la mwisho ni kwa anayeng'arisha ili auze. Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini, alimuuliza muuzaji kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Kutu iliyofichwa chini ya rangi mpya haina tofauti na unyevu ule. Pambo ni halali, kuficha aibu ya bidhaa si halali. Mwambie mnunuzi palipooza, kisha mpatane bei.

Gari letu sasa linang'aa kiasi chake. Ukingo wa boneti tuliupaka rangi ya kopo, na doa bado linaonekana. Fedha ya paa haikuguswa.