Malezi ya Imani Nyumbani: Kidole Gumba cha Mzazi (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza maana ya maji na mafuta ya Ubatizo. Kuna tendo moja tuliloliruka makusudi, kwa kuwa linastahili makala yake. Mwanzoni mwa ibada, padre akishauliza jina la mtoto, humchora alama ya msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba, kisha huwaalika wazazi nao wafanye vivyo hivyo. Kidole hakijapakwa kitu. Ni kidole cha mama aliyeamka alfajiri kuwapikia wageni, au cha baba fundi wa magari ambacho hakitakati hata kwa sabuni. Kanisa linakipokea hivyo kilivyo, na kumkabidhi mwenyewe kazi ya ualimu.

Sheria ya Kanisa haizunguki katika jambo hili. Kanuni ya 774 inawataja wazazi mbele ya watu wengine wote kuwa ndio wenye wajibu wa kuwalea watoto katika imani, kwa maneno na kwa mfano wa maisha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1964 juu ya Kanisa, uliiona familia kuwa Kanisa la nyumbani. Wazo lenyewe ni la kale. Yohane Krisostomo, askofu wa Konstantinopoli aliyefariki mwaka 407, aliwahimiza waumini wake wazifanye nyumba zao makanisa na wayarudie mezani yale waliyoyasikia kwenye ibada.

Huku kwetu Nakuru, tuseme ukweli, kazi hiyo tumewaachia wengine. Shule ina somo la Dini na kipindi cha malezi ya kichungaji (PPI). Parokia ina mafundisho yake, na Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson, huwakusanya watoto wetu wasali na kuwasaidia watoto wenzao. Mzazi hununua sare, humfikisha mtoto langoni, hurudi zake akiamini amemaliza. Sidharau kazi ya yeyote kati ya hao. Nimefundisha katekisimu miaka mingi. Na ni darasani humo nilimoona kwamba mtoto asiyewahi kumwona mzazi wake akipiga magoti hujifunza sala kama anavyokariri jedwali la kuzidisha. Siku ya kuulizwa maswali ya Komunyo ya Kwanza hajikwai hata neno moja. Baada ya hapo anaiacha.

Tulipimwa mwaka 2020. Shule zilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona, na kabla mwezi haujaisha makanisa nayo yakafungwa. Pasaka ya tarehe 12 Aprili tuliisali sebuleni, wengine kwa redio, wengine kwa televisheni, wengine kwa simu moja iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Makanisa yalipofunguliwa Julai, ibada haikuruhusiwa kupita saa moja wala watu 100, na watoto wa chini ya miaka 13 pamoja na wazee waliopita miaka 58 walitakiwa kubaki nyumbani. Fikiria maana yake. Mjukuu na bibi, yule anayepaswa kupokea imani na yule aliyeihifadhi kwa muda mrefu zaidi, wote wawili walizuiwa mlangoni. PPI hakuna, mafundisho hakuna, Utoto Mtakatifu hakuna. Msaada wote tuliokuwa tukiutegemea ulikatika kwa mpigo mmoja.

Kuna nyumba ambamo Rozari iliendelea saa mbili usiku kama ilivyokuwa ikisaliwa siku zote, na mtoto hakuona tofauti kubwa. Kuna nyumba ambamo Jumapili iligeuka siku ya kuchelewa kuamka, na ikabaki hivyo hata vizuizi vilipoondolewa. Hizi za pili hazikukosa wazazi wema. Zilikosa desturi, yaani jambo linalofanywa saa ile ile, mahali pale pale, hata siku ambayo hakuna anayejisikia kulifanya.

Mwishoni mwa Machi mwaka huo huo tulimpoteza Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyekuwa askofu wa Nakuru kuanzia 1971 hadi 1996. Katika miaka yake ya mwanzo hapa, maaskofu wa AMECEA waliamua, katika mikutano yao ya 1973 na 1976, kwamba Kanisa la Afrika Mashariki lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Jumuiya husali nyumbani kwa watu, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Zamu ikifika kwenu, mpe mtoto kazi. Apange viti, alete mshumaa, asome somo hata kama atakwama kwenye majina. Mtoto anayepelekwa chumbani akacheze wakati jumuiya inasali anafundishwa kwamba hayo ni mambo ya watu wazima.

Sasa nifike kwenye kiini cha makala hii. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 12, Musa anawapa Waisraeli amri za Pasaka, kisha anawaambia la kujibu watoto wao watakapouliza maana ya ibada hiyo. Angalia mpangilio wake. Tendo linatangulia, swali linafuata, maelezo yanakuja mwisho. Sisi tumeugeuza. Tunamwaga maelezo juu ya mtoto ambaye hajauliza lolote, kwa sababu hajaona lolote la kuulizia.

Kwa hiyo nyumba ya Mkatoliki iwe na vitu na matendo yanayozaa maswali. Tawi la Jumapili ya Matawi likichomekwa nyuma ya msalaba ukutani, litakauka, litageuka rangi, na siku moja mtoto atataka kujua kwa nini halitupwi. Hapo ndipo unapomsimulia safari ya kuingia Yerusalemu, na kwamba matawi ya namna hiyo huchomwa yakawa majivu ya Kwaresima inayofuata. Mwaka ujao mpe alibebe mwenyewe hadi kanisani.

Au chukua Ijumaa ya Kwaresima. Sheria ya kuacha nyama inamhusu aliyetimiza miaka 14, na ya kufunga inawahusu wenye miaka 18 hadi 59, lakini kanuni ya 1252 inawataka mapadre na wazazi wawafundishe maana ya toba hata wadogo ambao bado hawabanwi. Mtoto wa miaka minane anakuta githeri mezani na anajua baba amelipwa jana. Atauliza. Mweleze, kisha mwonyeshe mkebe ambamo pesa ya nyama imewekwa kwa ajili ya familia fulani mtaani. Usiutaje mkebe bila kuuonyesha.

Najua mtu wa Naivasha atasema hana muda. Mwaka 2018, na tena 2024, Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 14 Februari, siku ya wapendanao, baada ya majuma ambayo mashamba ya maua huwa na kazi nyingi kuliko kawaida. Mama wa zamu ya alfajiri hutoka watoto wakiwa wamelala. Sitamwambia asali Rozari nzima saa kumi ya usiku. Nitamwambia ana kidole gumba. Akipita kitandani amchore kila mmoja msalaba kwenye paji la uso, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, kisha aende zake. Ni sekunde chache. Mtoto aliye nusu usingizini hulijua joto la kidole kile, na siku usipopita atakuuliza.

Swali ninaloulizwa sana na wazazi wa mjini ni la lugha. Bibi yuko Molo na husali Kikikuyu, au yuko Eldama Ravine na husali Kitugen. Misa ni ya Kiswahili, shule ni ya Kiingereza, na mtoto wa Section 58 au Kaptembwa anaongea Sheng siku nzima. Asali lugha gani? Mimi nasema sala za familia nzima ziwe katika lugha ambayo wote waliomo chumbani wanaielewa, ila likizo ikifika mwache bibi asali na wajukuu kwa lugha yake, na asikatizwe ili atafsiriwe. Paulo, akimwandikia Timotheo, anaitaja imani iliyokaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Ameanza na bibi.

Lipo moja ambalo kwetu Bonde la Ufa hatuwezi kulikwepa. Mapema mwaka 2008, uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulijaa hema za waliofukuzwa makwao, Wakristo waliofukuzwa na Wakristo wenzao. Molo na Kuresoi zilikuwa zimeyaona hayo hata kabla, miaka ya tisini. Waliochoma nyumba walikuwa wamewahi kuwa watoto, na wengi wao walibatizwa. Mtoto anayesikia Baba Yetu saa mbili na matusi juu ya kabila la jirani saa tatu atarithi yote mawili, na la pili halihitaji katekista. Mwombee jirani huyo kwa jina lake, kwa sauti, watoto wakisikia. Oktoba, mwezi wa Rozari, waumini wa kila lugha wanapokusanyika Subukia kwa siku ya kitaifa ya sala, nenda na watoto wako waone Mama mmoja anavyoombwa na watu hao wote.

Ndugu msomaji, kama mwanao ana miaka mitano au kumi na mitano, usiku wa leo kabla hujazima taa mchore msalaba kwenye paji la uso. Yule mkubwa ataona haya kidogo. Mchore hivyo hivyo, na kesho urudie.

Wiki ijayo: Komunyo ya Kwanza, na kinachobaki baada ya picha kupigwa.