Willem Kolff na Chanzo cha Ubingwa wa Figo: Sehemu ya Pili

Willem Kolff, aliyezaliwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1911 na kusomea udaktari katika chuo kikuu cha mji huohuo, hakuwa na shahada ya ubingwa wa figo, kwa kuwa ubingwa huo ulikuwa bado haujakuwapo. Alikuwa daktari wa magonjwa ya ndani, yaani yale yanayotibiwa zaidi kwa dawa kuliko kwa kisu, na kilichomwelekeza kwenye figo ni kifo cha kijana wa miaka 22 aliyekuwa chini ya uangalizi wake huko Groningen mwaka 1938. Figo za kijana huyo zilikuwa zimeshindwa kuchuja damu, na urea, ambayo ni taka inayobaki mwili unapovunja protini, ikawa inarundikana mwilini siku hadi siku. Kolff alipiga hesabu kwamba lau zingetolewa gramu 20 tu za urea kila siku, mgonjwa angeweza kupata nafuu.

Njia aliyoifuata ilitegemea selofani, utando mwembamba uliotumiwa kutengenezea soseji, ambao matundu yake huruhusu chembe ndogo kama za urea kupenya na kuzuia seli za damu zisipite. Damu ikiwa upande mmoja na maji ya chumvi upande wa pili, taka huhama zenyewe kutoka zilikosongamana kwenda zisikokuwapo. Na hiyo ndiyo kanuni inayofuatwa hadi leo katika vitengo vya kusafisha damu, kikiwamo kile cha Hospitali ya Muhimbili nchini Tanzania.

Ujerumani ilipoivamia Uholanzi mwaka 1940 na idara ya Kolff huko Groningen kukabidhiwa mfuasi wa Wanazi, yeye alikataa kufanya kazi chini ya mtu huyo, akahamia hospitali ndogo ya mji wa Kampen. Huko, akisaidiwa na Hendrik Berk wa kiwanda cha vyombo vya enameli, aliuzungusha mrija wa selofani kwenye pipa la vipande vya mbao, lililozunguka ndani ya beseni la maji, huku damu ikizuiwa kuganda kwa dawa ya heparini. Kuanzia Machi 1943 wagonjwa wake wa mwanzo walifariki karibu wote, naye hakuficha matokeo hayo, jambo linalostahili heshima sawa na uvumbuzi wenyewe. Septemba 1945 mwanamke wa miaka 67, aliyefungwa kwa kuwaunga mkono Wanazi, alizinduka baada ya kusafishwa damu kwa saa kadhaa, akaishi miaka saba zaidi. Kolff aliwachukia Wanazi, lakini alimtibu kama alivyowatibu wengine.

Hata hivyo, kila safari ya kusafishwa iliharibu mshipa wa mgonjwa, hivyo mashine ya Kampen iliwafaa wale tu ambao figo zao zingeamka tena baada ya siku chache. Kikwazo hicho kiliondolewa na daktari Belding Scribner huko Seattle, Marekani, mwaka 1960, na kazi yake itaelezwa katika sehemu ya tatu.