Mfumo Unaoweza Kuulizwa "Kwa Nini?"

Mfumo wa kitaalamu ni programu ya kompyuta inayotatua matatizo ya fani moja finyu kwa kutumia maarifa yaliyochotwa kwa mabingwa wa fani hiyo, na katika historia ya akili unde hakuna mfano unaofafanua utendaji wake vizuri kuliko MYCIN, iliyobuniwa na Edward Shortliffe na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, miaka ya 1970, ili kutambua bakteria wa damu na wa homa ya uti wa mgongo na kupendekeza dawa.

Sehemu zake mbili zilitenganishwa kwa makusudi: hazina ya maarifa, yenye kanuni mia kadhaa za namna ya "ikiwa hivi, basi vile", na injini ya hoja, yaani sehemu inayoamua kanuni ipi itumike na wakati gani. Kanuni mojawapo ilieleza kwamba ikiwa bakteria ni hasi kwa kipimo cha rangi cha Gram, ana umbo la kijiti na hukua pasipo oksijeni, basi upo ushahidi wa kiwango cha 0.6 kuwa ni Bacteroides. Kiwango hicho, ambacho upeo wake ni 1, kilihitajika kwa sababu daktari mara nyingi hulazimika kutibu kabla majibu ya maabara hayajakamilika. Injini ilianza na dhana, ikarudi nyuma kutafuta masharti yake, na sharti lililokosa jibu likawa swali kwa daktari. Daktari naye aliweza kuihoji kwa nini inauliza, ikamwonyesha kanuni iliyokuwa ikiichunguza, na uwazi huo ndio sifa yake iliyo bora kuliko zote.

Katika tathmini iliyochapishwa mwaka 1979, mabingwa 8 walipima matibabu ya wagonjwa 10 bila kujua nani aliyapendekeza. Ya MYCIN yalikubalika kwa asilimia 65, na hakuna daktari aliyelinganishwa nayo aliyezidi asilimia 62.5. Hata hivyo haikuwahi kutumika wodini, kwani mahojiano yake yalikuwa marefu, na suala la nani awajibike ikikosea halikuwa na jibu.

Kanuni zake zilipoondolewa, injini iliyobaki, EMYCIN, ilijazwa maarifa ya magonjwa ya mapafu ikawa mfumo mwingine, PUFF. Viwandani, XCON ya kampuni ya Digital, iliyopanga vipuri vya kompyuta kulingana na oda za wateja kuanzia mwaka 1980, ilifikisha maelfu ya kanuni, na kila bidhaa mpya ilipotoka, wataalamu walirudi mezani kuziandika upya kwa mkono.