Lugha na Hadhi Miongoni mwa Marika

Watu wengi hudhani kwamba hadhi ya lugha hutoka juu: serikali huichagua, shule huifundisha, waajiri huidai, na raia huipokea kama ilivyopangwa. Dhana hiyo ina ukweli wake, lakini haielezi ni kwa nini kijana wa Nairobi anayesema Kiingereza sanifu bila kukwama husifiwa na mwalimu asubuhi, kisha jioni akabezwa na wenzake kwa Kiingereza hicho hicho. Wataalamu wa isimujamii, yaani taaluma inayochunguza uhusiano wa lugha na jamii inayoitumia, wameonyesha kwa zaidi ya nusu karne kwamba wanaoamua nani aingizwe katika mazungumzo na nani aachwe pembeni ni marika, watu wa umri na daraja moja, na kwamba hukumu yao mara nyingi ni kali kuliko ya mwalimu yeyote.

Mwanasosholojia wa Ufaransa Pierre Bourdieu, katika kitabu alichokitoa mwaka 1982, aliitazama lugha kama kitu kinachopelekwa sokoni: kila namna ya kusema ina bei, na bei hiyo haitokani na uzuri wa maneno bali na nguvu ya tabaka linaloyasema, kiasi kwamba aliyerithi lugha inayolipa amerithi mtaji, sawa na aliyerithi shamba. Nchini Kenya soko rasmi halina utata. Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi; hata hivyo masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, na Kiswahili chenyewe hakikuwa somo la lazima la kutahiniwa katika shule za msingi mpaka mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Lugha za mama, ambazo ni zaidi ya 40, zimebaki chini kabisa, zikivumiliwa katika madarasa ya mwanzo na kukatazwa baadaye.

Namna zilivyokatazwa ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini. Katika shule nyingi kilitumika kipande cha ubao, mfupa au chuma, kilichojulikana kwa majina kama monto au diski, ambacho alivishwa mtoto aliyesikika akisema lugha ya kwao. Mtoto huyo hakuwa na njia ya kujivua aibu hiyo isipokuwa kumnasa mwenzake katika kosa lile lile na kumkabidhi, na jioni mwalimu alianza na aliyekutwa nacho, akamwuliza alikipata kwa nani, na huyo naye akamtaja aliyempa, mpaka wakosaji wote wa siku hiyo wakajulikana na kuchapwa. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mwanafunzi Limuru wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind, akionyesha jinsi watoto walivyofunzwa faida ya kuisaliti jamii yao wenyewe. Wala mbinu hii haikubuniwa Afrika, kwani watoto wa Wales walivishwa ubao wa namna hiyo kwa kusema Kiwelisi katika karne ya 19, na wale wa Brittany, Ufaransa, kwa kusema Kibretoni. Kila ilikotumika, ujanja wake ulikuwa ule ule: mwalimu hakulazimika kusikiliza kila neno uwanjani, kwa sababu kila mtoto alikuwa mpelelezi wa jirani yake.

Pale ambapo monto imetupwa, upelelezi haukukoma, ila umehamia kwenye matamshi. Wakenya huita "kushrabu" kule kutamka Kiingereza au Kiswahili kwa sauti za lugha ya mama, kama vile Mkikuyu anapobadilishana l na r kwa kuwa lugha yake haizitenganishi, au Mjaluo anaposema "samba" badala ya "shamba" kwa kuwa Kijaluo hakina sauti ya sh. Kiisimu hapana kosa la akili hapo, kwani kila anayejifunza lugha ya pili huiingia na masikio ya lugha ya kwanza. Kijamii, hata hivyo, kushrabu mara moja mbele ya darasa kunatosha kumpa mtu jina la utani litakalomfuata mpaka amalize sekondari. Kicheko hicho kina historia ndefu katika burudani ya taifa, na kina mzaha wake mwenyewe: Mzee Ojwang', mhusika wa kipindi cha televisheni cha Vitimbi aliyependwa kwa lafudhi yake nzito ya Kijaluo, aliigizwa na Benson Wanjau, ambaye alikuwa Mkikuyu. Lafudhi inayoweza kuvaliwa na kuvuliwa na mwigizaji stadi hupigiwa makofi, ilhali asiyeweza kuivua ndiye anayeulizwa ametoka kijiji gani.

Lau soko lingekuwa moja tu, kila kijana angekimbilia Kiingereza na habari ingeishia hapo. Mwanaisimu William Labov, aliyechunguza usemi wa New York na kutoa matokeo yake mwaka 1966, alijiuliza kwa nini watu wanaojua fika kwamba namna yao ya kusema inadharauliwa hawaiachi. Jibu lililokomaa baadaye, hasa katika utafiti wa Peter Trudgill mjini Norwich, Uingereza, ambako wanaume walidai kusema vibaya kuliko walivyosema kweli, ni kwamba ipo heshima fiche, yaani thamani ambayo kundi huipa lugha yake kinyume cha vipimo rasmi, na ambayo mtu huipata kwa wenzake tu.

Sheng ni mfano mzuri wa heshima hiyo. Msimbo huu, uliokulia katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya sarufi ya Kiswahili, huku ukichota msamiati kutoka Kiingereza, Kikuyu, Kijaluo, Kikamba na kwingineko. Wakosoaji wake hurudia kwamba unaharibu mitihani ya insha, lakini mara chache hujiuliza unafanya kazi gani. Kazi yake mojawapo ni kulinda mlango. Pesa imewahi kuitwa doo, chapaa na ganji. Polisi ni karao, au sanse. Na kila neno linapofika kwenye matangazo ya biashara au midomoni mwa wazazi, vijana wa mtaani huanza kulikimbia na kutafuta jingine. Kwa hiyo anayetengwa si lazima awe mtu asiyejua Sheng, kwani mara nyingi ni yule anayeijua ya mwaka juzi na kuitamka kwa kujiamini. Kijana wa mitaa ya kitajiri huitwa mbabi na kuchekwa anapojaribu, na aliyetoka ushago, yaani kijijini, huchekwa asipojaribu. Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde, katika makala yao ya 1997 kuhusu Sheng, walieleza pia kuhusu Engsh, msimbo wa vijana wa upande wa Westlands ulioegemea Kiingereza, hivyo hata kuchanganya lugha kuna anwani.

Heshima ya mtaani ina gharama yake. Katika mtaa wa Harlem, New York, miaka ya 1960, Labov na wenzake waligundua kwamba wavulana waliokuwa katikati ya magenge walishika lugha ya mtaa kwa uthabiti kuliko wote, ilhali waliotengwa, ambao wenzao waliwaona wapumbavu wasiojua mambo, ndio ambao usemi wao ulikaribia usanifu zaidi. Na walipopimwa kusoma, wengi wa waliotengwa waliwapita wenye hadhi. Wavulana hao wenye hadhi hawakukosa uwezo, kwa maana walikuwa na ufasaha wa kutisha katika mabishano na hadithi, bali waliiona shule kuwa ya kundi jingine. Mwanaisimu mwenzake Penelope Eckert alikuta jambo linalokaribiana na hilo katika shule moja ya sekondari karibu na Detroit: irabu za wanafunzi zilifuata kundi walilojiunga nalo kuliko tabaka la wazazi wao, na wasichana ndio waliozisukuma mbali zaidi, labda kwa sababu msichana hupimwa kwa anavyoonekana pale ambapo mvulana hupimwa kwa anachofanya. Nairobi nayo haimpimi msichana sawa na mvulana. Sheng nzito humwongezea mvulana sifa ya ukakamavu, lakini msichana akiisema hivyo huulizwa habari za malezi yake.

Tanzania ina sura nyingine, kwa kuwa Kiswahili kimesambaa kutoka kijijini hadi bungeni na aibu ya lugha ya mama haina makali hayo. Ukuta wake uko sekondari, ambako lugha ya kufundishia hugeuka kuwa Kiingereza, na aliyetoka shule ya msingi ya serikali, zile zinazokejeliwa kwa jina la Kayumba, hukaa na jibu sahihi kichwani kwa kuhofia vicheko vya waliosomea shule za Kiingereza tangu awali. Kwenye pwani ya Kenya mzaha hugeukia upande wa pili, ambako msomi wa bara mwenye shahada anaweza kuchekwa na mtoto wa Mvita, Mombasa, kwa kukosea ngeli.

Mchanganyiko wa masoko haya huonekana zaidi katika shule za bweni za Kenya, ambako mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, anayeitwa mono, hukutana na wenzake kutoka kila kaunti na kujifunza upesi ni lugha gani ya darasani na ipi ya bwenini. Shule zinapofungwa hurudi kijijini akiwa na Sheng aliyoitafuta kwa shida, na marika aliowaacha huko, ambao wengine hawakupata karo ya kuendelea, husema kwamba siku hizi anajiona.