Mawazo Mengi Hayaharibu Maziwa ya Mama: Wanayofaa Kujua Wazazi wa Uasin Gishu

Mama aliyejifungua juzi akipatwa na dhiki, hakosi mtu wa kumwambia kwamba maziwa yake yamekauka, au kwamba mtoto anayanyonya pamoja na huzuni. Wengine hushauriwa waache kunyonyesha hadi moyo utulie. Matokeo yake ni mtoto wa miezi 2 kuanzishiwa maziwa ya ng'ombe au uji. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini unaweza kumdhuru mtoto kuliko dhiki yenyewe.

Ukweli ni kwamba msongo wa mawazo hauyageuzi maziwa ya mama kuwa mabaya. Unachofanya ni kuyachelewesha yasitoke kwa urahisi. Mama wa namna hiyo hahitaji kumwachisha mtoto titi. Anahitaji kupunguziwa mzigo.

Maziwa yamo, ila hayatoki

Homoni mbili ndizo zinazoendesha kazi ya kunyonyesha. Prolaktini huagiza matiti yatengeneze maziwa, nayo oksitosini huyasukuma hadi kwenye chuchu. Mtoto anapovuta titi, mwili wa mama hutoa zote mbili. Lakini oksitosini huathiriwa haraka na hali ya mama. Hofu, maumivu, ugomvi nyumbani au wasiwasi wa kodi huweza kuizuia kwa muda. Mtoto huvuta, hapati kitu, hulia. Mama huamini kwamba hana maziwa, wasiwasi unaongezeka, na maziwa yanazidi kuchelewa.

Jambo hili lilithibitishwa zamani. Mwaka 1948, watafiti Michael Newton na Niles Newton wa Marekani walipima maziwa aliyopata mtoto wa miezi 7 kwa mama yake. Siku za utulivu, mtoto alipata wastani wa gramu 168 kwa kila mnyonyo. Siku ambazo mama alisumbuliwa kwa makusudi, kwa mfano kwa kutiwa miguu katika maji ya barafu au kuulizwa hesabu mfululizo, alipata gramu 99 tu. Mama alipodungwa oksitosini huku akiendelea kusumbuliwa, kiasi kilipanda tena hadi gramu 153. Maziwa yalikuwapo muda wote. Kilichokosekana ni cha kuyasukuma.

Hata hivyo, dhiki isipuuzwe. Matiti hutengeneza maziwa kulingana na yanavyonyonywa. Mama akikata tamaa na kumnyonyesha mtoto mara chache, au akimjaza chakula kingine, ndipo maziwa hupungua kweli.

Homoni ya dhiki katika maziwa

Mtu mwenye mawazo mengi huwa na kiwango kikubwa cha homoni iitwayo kotisoli, na sehemu yake huingia katika maziwa. Hili lisimtishe mzazi. Kotisoli imo katika maziwa ya kila mama, na kwa kawaida huwa nyingi asubuhi na kupungua jioni. Baadhi ya tafiti zimeona uhusiano kati ya kiwango chake na watoto walio wepesi kuogopa au kulia. Lakini mtoto huyo pia analala katika nyumba ile ile yenye dhiki, anasikia kelele zile zile na kubebwa na mikono yenye uchovu, hivyo haiwezekani kulaumu maziwa peke yake.

Lililo wazi zaidi ni kwamba mama akitulia, mtoto hufaidika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, akina mama wa Malaysia waliokuwa wamejifungua kwa mara ya kwanza waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa sauti iliyorekodiwa ya kuwasaidia kutulia wakati wa kunyonyesha. Akina mama hao walipungukiwa na msongo, na watoto wao walilala muda mrefu zaidi na kuongeza uzani kuliko wale wa kundi la pili.

Maziwa yenyewe hubaki kuwa kinga kuu ya mtoto. Yana kingamwili dhidi ya kuhara na homa ya mapafu, ilhali maziwa ya ng'ombe au maji yasiyo safi huweza kuleta kuhara. Kwa mujibu wa Utafiti wa Kidemografia na Afya nchini, watoto wa chini ya miezi 6 walionyonyeshwa maziwa ya mama pekee waliongezeka kutoka asilimia 32 katika utafiti wa 2008-09 hadi asilimia 61 mwaka 2014. Mwaka 2022 kiwango kilikuwa asilimia 60. Nchi ilipiga hatua kubwa, kisha ikasimama.

Ubongo wa mtoto hukua kwa mazungumzo pia

Kufikia umri wa miaka 2, ubongo wa mtoto huwa umefikia takriban asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Chakula kinachangia, lakini kutazamwa usoni, kuimbiwa, kuongeleshwa na kujibiwa anapolia kunachangia vilevile. Mama aliyezidiwa na mawazo anaweza kumlisha mtoto vizuri na bado akakosa nguvu za kumchekea. Hii ndiyo sababu afya ya akili ya mzazi ni sehemu ya afya ya mtoto.

Siku chache baada ya kujifungua, akina mama wengi hulia ovyo na kukasirika upesi. Hali hiyo kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya wiki 2. Ikizidi hapo, huenda ni sonona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mama 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na mengi ya matatizo hayo ni sonona. Akina baba pia hawajasazwa.

Dalili za kuangalia ni hizi:

• Huzuni au wasiwasi usioisha kwa zaidi ya wiki 2.
• Kukosa usingizi hata mtoto anapolala.
• Kukosa hamu ya kula au ya kumshika mtoto.
• Kujiona mzazi asiyefaa.
• Mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto. Hii ni dharura: mama asiachwe peke yake, na apelekwe hospitalini mara moja.

Familia na mwajiri wafanye nini

Kumwambia mama "usiwe na mawazo" hakumpunguzii chochote. Baba anaweza kuteka maji, kufua nepi na kumbeba mtoto ili mama alale saa mbili tatu. Mama mkwe au jirani anaweza kupika uji wa wimbi na kuwatazama watoto wakubwa. Wageni waje wakiwa tayari kusaidia kazi. Mama naye anyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, akiwa ameketi vizuri na mtoto amegusana naye ngozi kwa ngozi. Mtoto anayelowesha nepi 6 au zaidi kwa siku na kuongeza uzani kliniki anapata maziwa ya kutosha, hata kama analia.

Sheria nayo inamlinda mama. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na baba wiki 2. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri kutenga mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na kumpa mama muda wa kufanya hivyo, hadi jumla ya saa 1 kwa kila saa 8 za kazi, mbali na muda wa chakula. Sheria hii inahusu maduka na viwanda vya Eldoret sawa na ofisi za serikali. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kwa saa 4 nje ya friji na siku 4 ndani ya friji. Mtoto anyweshwe kwa kikombe safi.

Pa kupata msaada

Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji au mtaa wako ndiye wa kwanza kumweleza. Ziara za kliniki za chanjo, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ni nafasi nzuri ya mama kumweleza muuguzi hali yake, si ya mtoto tu. Panapohitajika matibabu zaidi, zahanati au kituo cha afya kitampa rufaa hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, yenye wataalamu wa uzazi, watoto na afya ya akili. Anayepigwa au kutishwa nyumbani apige simu bila malipo kwa nambari 1195, mchana au usiku.

Mama anayetibiwa sonona asiache kunyonyesha kabla ya kuuliza. Zipo dawa zinazoweza kutumiwa na mama anayenyonyesha, na daktari atamchagulia inayofaa.