Kuandika Ndani ya Kioo kwa Leza

Mara kwa mara wanafunzi hutuuliza iwapo Kiswahili kinaweza kueleza sayansi ya kisasa. Jibu bora ni kujaribu. Katika makala haya tutaeleza jinsi leza inavyochora maumbo madogo mno ndani ya kioo bila kuukwaruza uso wake. Kwa kioo hatumaanishi kile cha kujitazamia, bali maada ya dirishani inayopitisha mwanga.

Leza hiyo hutoa mwanga kwa mapigo, kama ngoma. Mpigo mmoja huweza kudumu femtosekunde 100 tu. Femtosekunde moja mbele ya sekunde ni kama sekunde moja mbele ya miaka milioni 32 hivi. Katika femtosekunde 100 mwanga husafiri mikromita 30, umbali mdogo kuliko unene wa unywele wa kawaida.

Je, kama kioo hupitisha mwanga, mwanga huo utakichora vipi? Wahenga walisema: kidole kimoja hakivunji chawa. Fotoni moja ya leza hii haina nishati ya kutosha kuing'oa elektroni ya kioo, hivyo hupita tu. Lakini lenzi inapoukusanya mpigo kwenye nukta moja ndani ya kioo, fotoni nyingi hufika hapo kwa pamoja, na elektroni hupokea kadhaa kwa wakati mmoja. Kioo hubadilika mahali hapo tu. Tena mpigo huisha kabla joto halijasambaa, ndiyo maana sehemu za jirani husalimika.

Mwaka 1996 watafiti wa Japani, akiwemo Kazuyuki Hirao, walieleza jinsi walivyochora kwa njia hii mikondo ya kuongozea mwanga ndani ya kioo. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, kilitangaza kuwa kundi la Peter Kazansky limehifadhi ndani ya kioo maandishi kadhaa, likiwemo Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948.

Habari hii inatuhusu sisi walimu wa lugha. Karatasi huliwa na mchwa, na kanda za masimulizi ya wazee huharibika kwa unyevu. Kioo hakina adui hao. Hata hivyo, maandishi ya ndani ya kioo hayasomeki kwa macho. Yanahitaji hadubini maalumu na kompyuta. Na yakishasomwa, bado atahitajika mtu anayeijua lugha yenyewe. Kioo kitatunza herufi, lakini maana itatunzwa na wasemaji.

Zoezi la darasani: istilahi "mpigo" imetoka kwenye ngoma na moyo, ilhali "leza" na "fotoni" zimetoholewa. Wanafunzi wajadili ni njia ipi inamsaidia zaidi msomaji mgeni, na kwa nini.