Muhuri, Jembe na Saa ya Mfukoni: Gemu Huru za Kuanza Nazo

Gemu huru ni mchezo wa video unaotengenezwa na mtu mmoja au kikundi cha watu wachache, bila fedha wala maelekezo ya kampuni kubwa. Tofauti ya kwanza kati ya gemu hizo na za kampuni kubwa ni mfuko. The Last of Us Part II, iliyotoka mwaka 2020, iligharimu takriban dola milioni 220 za Marekani. Undertale, iliyotoka mwaka 2015, ilianza na dola 51,124 zilizochangwa na watu mtandaoni. Kwa fedha kama hizo za pili huwezi kuchora mji mzima wenye magari, mvua na umati wa watu. Mtengenezaji hulazimika kuchagua tendo moja au mawili, ayashughulikie mpaka yaive, kisha amwachie mchezaji ayarudie kwa saa nyingi bila kuyachoka. Gemu huru zilizo bora hujulikana hapo: ufukara wa mtengenezaji umegeuka kuwa umbo la mchezo.

Zamani kazi ya namna hii ilikuwa vigumu kumfikia mnunuzi, kwa sababu gemu ziliuzwa kwenye diski madukani na nafasi ya rafu ilikuwa ya wenye nguvu. Daisuke Amaya wa Japani alitumia miaka mitano ya muda wake wa ziada kutengeneza Cave Story, na mwaka 2004 akaigawa bure. Mlango ulifunguka pale maduka ya mtandaoni yalipoanza kupokea kazi za watu wadogo. Braid ya Jonathan Blow, iliyouzwa kupitia Xbox mwaka 2008, iliwaonyesha wengi kwamba kazi kama hiyo inaweza kulipa. Programu za kutengenezea gemu nazo zikashuka bei. Godot, kwa mfano, ni ya bure kabisa. Tangu mwaka 2017, yeyote mwenye gemu na dola 100 za ada anaweza kuiweka Steam, duka kubwa kuliko yote la gemu za kompyuta. Matokeo yake ni mafuriko: maelfu ya gemu mpya kila mwaka, nyingi zisizo na lolote. Ndiyo maana wachezaji hutegemea zaidi mapendekezo ya waliokwisha kuzicheza kuliko matangazo.

Kwa mtu mzima asiyewahi kugusa gemu huru, Papers, Please ndiyo ya kwanza kupendekezwa. Mtengenezaji wake ni Lucas Pope, Mmarekani aliyeacha kazi katika Naughty Dog, studio ileile ya The Last of Us, akaanza kufanya mambo yake mwenyewe. Gemu ilitoka Agosti 2013. Mchezaji ni ofisa wa uhamiaji katika kituo cha mpakani cha Arstotzka, nchi ya kubuni, mwaka 1982. Kazi yake ni kukaa dirishani, kupokea pasipoti, kulinganisha picha na sura, kukagua tarehe ya kuisha, jinsia na mji uliotoa hati, kisha kugonga muhuri wa kijani au mwekundu. Msomaji aliyewahi kupanga foleni Namanga au Tunduma atalijua dirisha hilo, ila safari hii yuko upande wa pili wa kioo.

Siku ya kwanza ni nyepesi: raia wapite, wageni warudi. Kesho yake sheria inabadilika. Baadaye vinaongezwa kitambulisho, kibali cha kuingia na kibali cha kazi, mpaka meza inajaa makaratasi na foleni nje haipungui. Malipo ni kwa kichwa, krediti tano kwa kila msafiri. Makosa mawili ya kwanza ya siku huishia kwenye onyo. Kuanzia la tatu, mshahara unakatwa. Jioni inakuja hesabu ya nyumbani: kodi ya nyumba, chakula, joto, dawa za anayeumwa. Fedha haitoshi, na mchezaji anaanza kuwaona watu kama krediti tano tano.

Halafu anafika mwanamume mwenye karatasi safi. Anapita, na kabla ya kuondoka anaomba mke wake anayemfuata atendewe wema. Mke hana kibali cha kuingia, na anasema akirudishwa atauawa. Kumpitisha ni kosa, na kama leo umeshakosea mara mbili, ni chakula cha mtoto wako. Gemu haitoi hotuba yoyote juu ya udikteta. Inakupa muhuri na kukuacha nao. Ina vichekesho pia. Mzee mmoja, Jorji, analeta pasipoti aliyojichorea mwenyewe, ya Cobrastan, nchi isiyokuwepo. Anakataliwa, anaondoka bila kinyongo, na siku nyingine anarudi na mbinu mpya.

Pope alitumia zaidi ya miaka minne kwenye gemu yake iliyofuata, Return of the Obra Dinn ya mwaka 2018. Meli ya biashara inaelea hadi bandarini Falmouth, Uingereza, mwaka 1807, bila mtu hai ndani yake. Mchezaji ni mkaguzi wa bima. Ana kitabu chenye orodha ya watu 60 waliokuwemo, na saa ya mfukoni ambayo, ikifunguliwa karibu na mabaki ya maiti, humrudisha kwenye dakika ya kifo chake, kila kitu kikiwa kimeganda: risasi hewani, mdomo wazi, damu haijafika sakafuni. Kazi ni kuandika kila mmoja ni nani, alikufaje, na kwa mkono wa nani. Majina hayatolewi bure. Inabidi kutazama namba ya kitanda cha kamba, kusikiliza lafudhi, kukumbuka ni nani alikuwa akila na nani. Gemu huthibitisha majibu matatu kwa mkupuo yanapokuwa sahihi yote, ili kubahatisha kusilipe. Michoro yake ya vitone, ya rangi mbili tu kama ya kompyuta za zamani, huwakera baadhi ya watu kwa nusu saa ya kwanza. Kwa wapenzi wa hadithi za upelelezi, hakuna gemu katika orodha hii inayoizidi.

Jembe ni la Stardew Valley. Eric Barone alihitimu masomo ya kompyuta katika jimbo la Washington, Marekani, mwaka 2011, akakosa kazi, akaanza kutengeneza gemu ya kilimo ili kujinoa. Aliiandika, akaichora na kuitungia muziki peke yake kwa zaidi ya miaka minne, huku akipata vijisenti kwa kuwaonyesha watu viti kwenye ukumbi wa maonyesho. Ilitoka Februari 2016, na kufikia mwisho wa 2024 ilikuwa imeuza nakala zaidi ya milioni 41. Mhusika anaacha kazi ya ofisini na kwenda kwenye shamba aliloachiwa na babu yake, ambalo ni pori la mawe na magugu. Anakabidhiwa mbegu 15 za mboga ya mizizi. Nguvu zake zina kikomo: kila pigo la jembe au shoka huzipunguza kidogo, na ikifika saa nane usiku anaanguka alipo. Kila msimu una siku 28, na mazao mengi hunyauka msimu unapobadilika, kwa hiyo anayepanda kwa kuchelewa hupata hasara kama mkulima yeyote. Utamu wake mkubwa uko katika mwaka wa kwanza, wakati kuboresha kopo la kumwagilia ni tukio. Baada ya hapo mashine hufanya kazi nyingi, na shamba linaanza kufanana na kiwanda.

Undertale ya Toby Fox inachukua tendo lililozoeleka kuliko yote katika gemu, kupiga adui, na kulifanya hiari. Mtoto ameanguka katika dunia ya majini chini ya ardhi. Kila jini anayekutana naye anaweza kuuawa, au kuzungumzishwa, kuchekeshwa na kubembelezwa mpaka aache ugomvi. Anayemuua Toriel, jini mwenye huruma ya mama anayempokea mtoto huyo mwanzoni, akajuta, akafungua upya mchezo aliouhifadhi na safari hii akamwacha hai, atakuta mhusika mwingine anajua alichofanya na anamsuta usoni. Gemu nyingine husahau ukianza upya. Hii inaweka kumbukumbu. Michoro yake ni ya kawaida sana, na maneno ni mengi, hivyo asiyesoma Kiingereza au Kijapani kwa wepesi ataikosa nusu yake.

Celeste ya mwaka 2018 ni kuruka tu. Msichana aitwaye Madeline anapanda mlima huku akipambana na wasiwasi wake mwenyewe. Anaweza kuruka, kushika ukuta, na kujirusha mara moja hewani. Atakufa mara mamia, na kila mara anarudi mahali pale pale kabla hasira haijapanda. Wenye vidole vizito hawakusahaulika: kuna mpangilio wa kupunguza kasi au kuongeza mirusho, na gemu haimdhihaki anayeutumia.

Balatro, kazi ya mtu mmoja wa Kanada anayejiita LocalThunk, ilitoka Februari 2024 na kuvuka nakala milioni tano ndani ya mwaka mmoja. Inatumia karata za poka pamoja na karata 150 za majokeri zinazopindua kanuni za kuhesabu alama. Wazazi waliochoshwa na habari za kubeti wajue kwamba hakuna fedha halisi inayowekwa wala kushindaniwa. Wakaguzi wa Ulaya waliipa alama ya miaka 18 kwa ajili ya karata hizo, kisha mwaka 2025 wakaishusha hadi 12. Hatari yake ni nyingine: raundi moja ya mwisho huwa tano.

Afrika nayo ina kazi zake. Kiro'o Games ya Yaoundé ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan mwaka 2016, na Semblance ya Nyamakop, kutoka Johannesburg, ilifika kwenye Nintendo Switch mwaka 2018. Kwa msemaji wa Kiswahili, iliyo karibu zaidi ni Tales of Kenzera: Zau ya mwaka 2024. Iliongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, baada ya kufiwa na baba yake. Zau, mganga kijana, anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba, na anapigana kwa kubadilisha vinyago viwili, cha jua na cha mwezi. Kwa kipimo kikali gemu hii si huru, maana ilitolewa na EA, moja ya kampuni kubwa kuliko zote. Lakini studio ni ndogo na hadithi ni ya mtu mmoja. Mapigano yake hayana kina kirefu. Mazungumzo ya Zau na Kalunga ndiyo yanayoibeba, na yanaweza kusikilizwa kwa Kiswahili.

Gemu hizi hazionekani sana kwenye mabanda ya PlayStation ya mitaani, na sababu ni ya kibiashara: mteja hulipa kwa mechi au kwa nusu saa, na mpira unaingia vizuri katika muda huo, wakati hadithi ya saa nane haiingii. Simu ndiyo njia rahisi zaidi. Stardew Valley, Papers, Please na Balatro zote zina matoleo ya simu yanayolipiwa mara moja, bila matangazo ya katikati, na zikishapakuliwa huchezwa bila bando. Undertale, Celeste na Obra Dinn zinahitaji kompyuta au mashine ya gemu, ingawa Undertale haidai kompyuta mpya. Bei za kompyuta kwa hizi sita ni kati ya dola 10 na 20, na hupunguzwa wakati wa mauzo ya msimu. Anayenunua Steam na kuona hakupatana na gemu anaweza kuomba kurudishiwa fedha ndani ya siku 14, mradi hajaicheza kwa saa mbili. Kwa Celeste muda huo unatosha kabisa kuamua. Kwa Obra Dinn hautoshi, kwa sababu saa ya kwanza huenda yote katika kushangaa.